Nusu Saa ya Aminiel

"Nusu saa, dada. Na humo nimeshahesabu na muda wa kunywa chai."

Aminiel alisema hivyo Jumanne, saa nne asubuhi, amesimama mlangoni mwa kibanda cha dada yake pale Ngarenaro, mikono mifukoni, kama daktari bingwa aliyeitwa kutibu mafua. Nusu saa yenyewe iliisha Ijumaa.

Kibanda kilikuwa na meza mbili, printa nzito kama gunia la viazi, taipureta iliyostaafu, na laptop moja ambayo nayo umri wa kustaafu ulikuwa umefika ila hakuna aliyeiambia. Magdalena alianza na ile taipureta mwaka tisini na sita, enzi ambazo mtu mwenye shida ya barua alipanga foleni na kumwita mama hata kama amemzidi umri. Kisha soko likawa huria, na huo uhuru ukaleta vibanda sita vya kuchapa kwenye mtaa mmoja. Cha kona kilikuwa na kompyuta tatu na feni. Magdalena alibaki na vipeperushi vya kipaimara na ratiba za mazishi, na mazishi, kama mdogo wake alivyopenda kumtania, si biashara ya kutegemea, kwa kuwa watu hawafi kwa mpangilio. Baba yao kule Akheri alishatuma salamu mara mbili: kama mji umegoma, migomba bado ipo inamsubiri.

Asubuhi hiyo ya Jumanne, kabla Aminiel hajafika, alikuja Mwalimu Ephraimu, mkuu wa shule moja ya sekondari kule Nduruma. Alitoa kwenye mfuko wa koti leso iliyokunjwa mara nne, akaifungua taratibu, na ndani yake mkatokea kitu kidogo cha buluu, urefu wa kidole.

"Hii inaitwa flashi," alisema. "Humu ndani mna mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, masomo saba. Mwaka jana ulivuja, ukazagaa sokoni kama nyanya. Safari hii nimeuandika mwenyewe kwenye kompyuta ya shule, na karatasi za mkono zote nimezichoma. Usionwe na jicho jingine zaidi ya lako, mama."

"Na printa ya shule, mwalimu?"

"Imekufa. Na kompyuta yenyewe ni ya kisasa mno, haina hata mlango wa disketi. Nataka karatasi zangu Ijumaa saa sita mchana, zikarudufiwe shuleni. Ukinitolea, kazi zote za shule za mwaka mzima zitakuja hapa, mitihani, ripoti, hata barua za kuwaita wazazi wakorofi. Ukishindwa usinione vibaya. Nitakwenda pale kona, nikae nao bega kwa bega mpaka watoe."

Mwalimu alipoondoka, Magdalena aliichomeka flashi. Laptop ikafikiri, ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeona kitu kipya, kisha ikaomba draiva.

Kwa asiyejua, draiva ni programu ndogo inayoitambulisha kompyuta na kifaa chake. Bila hiyo, kifaa kinakaa pale kama mgeni ambaye hajatambulishwa kanisani: yupo, anaonekana, suti amevaa, ila hakuna anayempa mkono. Magdalena hakuwa nayo. Ndiyo maana akamtuma mtu amwite mdogo wake.

Aminiel alikuwa na miaka ishirini na moja, amemaliza kidato cha nne, na alikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu alichokitia kwenye fremu. Kazi hakuwa nayo, lakini ukimuuliza alikuwa mshauri wa kujitegemea.

"Tatizo liko wazi," alisema, baada ya kuangalia skrini kwa muda usiozidi kupiga chafya. "Dada, Windows yako ni ya 98. Leo ni 2004. Hii ilizaliwa flashi hazijatungwa mimba. Tunafuta, tunaweka XP. XP inajua kila kitu duniani."

"Hakuna dawa ya kuipa hii hii ya zamani?"

"Ng'ombe wa miaka kumi na tano unamtafutia dawa ya nini? Unamchinja."

"Huyo ng'ombe ndiye ananilisha, Aminiel. Kwanza nataka barua zangu zote ziende kwenye disketi ndipo uguse."

Zilikwenda disketi kumi na nne. Aminiel alitania kila moja, akisema dada yake anahamisha hata ratiba za marehemu waliokwisha kusahauliwa. Magdalena aliendelea kuzibandika karatasi na kuziandika namba kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa saa saba mchana Aminiel alipoingiza CD ya XP, aliyochomewa na mshkaji wake mmoja, na nusu saa ikaanza upya.

Ilipofika saa kumi na moja XP ilisimama. Ilikuwa na kilima cha kijani na anga ya buluu, lakini kilima chenyewe kilikuwa na madoa kama kimeshikwa na ugonjwa wa ngozi, na herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba neno moja lilijaza nusu ya skrini. Sauti haikuwepo. Aminiel alifungua orodha ya vifaa vya mashine, na pembeni yake kulikuwa na alama za kuuliza za njano, sita, zimejipanga kama wanafunzi waliochelewa.

"Hizo ni nini?" Magdalena aliuliza.

"Hizo ni za kawaida. Inajiulizauliza kwanza, ni mashine mpya."

"Chomeka flashi."

Alichomeka. Hakikutokea kitu. Zamani laptop angalau iliomba draiva. Sasa haikujua hata kama ina tundu.

"XP si inajua kila kitu duniani?" Magdalena aliuliza, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Hii mashine ndiyo haitoki duniani," Aminiel alijibu. Kicheko hakikuja.

Jumatano asubuhi alikwenda intaneti kafe, kule mjini jirani na mnara wa saa. Ilisimamiwa na msichana wa kutoka Kilimanjaro anayeitwa Princess, ambaye mbele yake Aminiel alikuwa na desturi ya kuongea kwa sauti nzito kuliko aliyozaliwa nayo.

"Nataka draiva za laptop moja hivi," alisema. "Kazi ndogo tu ya mteja."

"Modeli gani?"

Aminiel alitaja jina lililokuwa juu ya kifuniko.

"Hilo ni jina la kampuni, fundi mkuu. Nakuuliza modeli. Hao wametengeneza laptop za aina zaidi ya mia. Ni kama umeshuka Moshi unamtafuta mtu, na unachokijua ni kwamba anaitwa Massawe."

"Wote si ndugu? Pakua ya Massawe yeyote."

Princess alimtazama, akavuta kiti. Alipakua ya Massawe yeyote. Intaneti ilikuwa inatembea kama mzee anayepanda Meru kwa miguu, ikasogea, ikapumzika, ikasogea. Ilipomalizika waliigawa vipande, kwa sababu disketi moja haibebi kitu kikubwa, na Aminiel akaondoka na disketi nne kwenye mfuko wa shati, kifua mbele.

Saa saba mchana aliziingiza zote nne, akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo tena, na laptop ikazima. Ilipowaka, skrini yote ilikuwa buluu tupu yenye maandishi meupe ya kulalamika. Aliizima, akaiwasha. Buluu. Mteja aliyekuja kuchapa ratiba ya mazishi alisimama, akatazama, akasema atarudi kesho, akavuka barabara kuelekea kona.

Magdalena alimsindikiza yule mteja kwa macho mpaka alipoingia. Aminiel alikuwa ameshaanza kuitafuta tena CD ya XP, ili aanze mwanzo.

Wakati inajipanga, ndipo alipoigeuza laptop chali kwa mara ya kwanza. Kule chini ndiko watengenezaji hubandika karatasi yenye jina la modeli. Karatasi ilikuwepo. Juu ya karatasi hiyo, kwa rangi ya mafuta ya kijani iliyopakwa kwa brashi ya kupakia madirisha, kulikuwa kumeandikwa MALI YA USHARIKA.

Hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Elieza, mhazini wa usharika kule Akheri. Mzee Elieza hakuamini kitu kisichokuwa na maandishi. Viti vya usharika vilikuwa na maandishi, masufuria yalikuwa na maandishi, ngazi ilikuwa na maandishi kila kipago, na hata ufagio ulikuwa mali ya usharika kwenye mpini. Kwa hiyo mgeni mmoja kutoka Ulaya alipoacha laptop yake kama zawadi, mzee alitafuta mahali pasipoonekana ili asiiharibu sura, akaigeuza, akachagua pale pale. Halafu wazee wa kanisa walishindwa kuamua nani aitumie, na Jumapili ya mavuno ikapelekwa mnadani, katikati ya mkungu wa ndizi na jogoo. Wawili wa kwanza waliinunua na kuirudisha iuzwe tena, kama ilivyo desturi ya wenye nazo kumtolea Mungu. Wa tatu alikuwa Magdalena, na yeye hakurudisha kitu.

Aminiel alikwaruza kwa ukucha. Rangi ya Mzee Elieza ilikuwa imepakwa mara mbili, haikutikisika. Magdalena alikuwa ametoka kwenda kununua karatasi. Hapo nyuma ya kibanda palikuwa na gereji ya wapaka rangi magari, na Aminiel, ambaye akili zake zilikuwa nyepesi za kukimbia na nzito za kusimama, alirudi na thina kwenye kifuniko cha chupa na kipande cha pamba.

Rangi ilitoka vizuri sana. MALI ikatoka, YA ikatoka, USHARIKA ikatoka, na jina la modeli nalo likatoka, pamoja na namba, pamoja na kila herufi iliyowahi kuandikwa pale, mpaka karatasi ikabaki nyeupe kama ya daftari jipya.

Magdalena aliporudi alimkuta amekaa wima, mikono mapajani.

"Vipi?"

"Nimeondoa rangi. Lakini, dada, bahati mbaya wale Wazungu hawakuandika kitu. Karatasi tupu."

"Walibandika karatasi tupu ya nini?"

"Labda walipanga kuandika baadaye."

Magdalena alivuta pumzi kwa pua. "Na hii thina ninayoisikia imeletwa na upepo?"

Aminiel alikuwa na majibu matatu, yote mazuri, lakini dada yake alikuwa ameshakaa chini na kuweka karatasi alizonunua juu ya meza, rimu nzima, bado imefungwa.

"Nikuambie kitu," Magdalena alisema. "Sina hasira. Kesho saa kumi, kama flashi haijafunguka, nampigia mwalimu aende kona. Hizi karatasi nitaziuza. Mwezi ujao nitakuwa Akheri kwa baba. Utakuja kututembelea, utatutania huko."

Hilo lilimwingia. Angepigiwa kelele angejua cha kufanya.

Alhamisi asubuhi aliichukua laptop kwenye mfuko wa rambo, akasema anakwenda kumwona mtaalamu. Mtaalamu hakuwepo. Alitembea tu. Akapita barabara ya mafundi cherehani, akapita wauza vyuma, na miguu ilipochoka alijikuta amekaa kwenye benchi la Lesian, fundi redio, chini ya ngazi za nyumba moja ya ghorofa.

Lesian alikuwa mtu wa Kisongo, magharibi ya Meru, mpole, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa na waya wa shaba. Alikuwa anatengeneza redio tangu redio zikiwa za mbao.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ero, kijana wangu, mbona macho hayo?"

"Moshi wa kulehemu."

Lesian aliitazama pasi yake ya kulehemu. Ilikuwa baridi, waya wake umezungushwa, imening'inizwa msumarini. Akasogeza redio aliyokuwa nayo ili kupisha nafasi. "Haya, niambie. Nani amekufa?"

Aminiel alimwambia. Alianza kwa utani, akafika kwenye thina bila utani, na alipofika kwenye baba na migomba sauti ikamkatika, ikabidi akohoe. Akamwomba fundi asije akamwambia dada yake kwamba amemwona katika hali ile.

"Sasa huyo dereva unayemtafuta," Lesian aliuliza, "anapatikana kwa jina la gari?"

"Draiva, fundi. Ndiyo, kwa jina la modeli. Na jina nimelifuta mwenyewe."

"Jina." Lesian alicheka kwa pua. "Hizi redio zinazoingia siku hizi, tangu wafungue mipaka, unadhani zina majina? Nyingine zinakuja uchi. Nyingine zimebandikwa jina kubwa la Wajapani, ukifungua ndani unakuta ukoo mwingine kabisa. Ningesoma majina ningekufa njaa. Mimi nafungua, naangalia kile kidudu cheusi chenye miguu mingi, IC. Ile ina namba yake mgongoni. Namba ile haidanganyi, maana imeandikwa na aliyeitengeneza na siyo na anayeiuza. Nikiipata namba, najua inataka nini."

Aminiel aliinua kichwa.

"Kwenye kompyuta pia?"

"Kompyuta sijawahi kufungua. Na nikiifungua ikafa, usiniletee dada yako hapa. Ipo wapi?"

Lesian alitandika gazeti, juu yake akaweka karatasi nyeupe. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye karatasi mahali pale pale ilipotoka, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, mpaka karatasi ikawa kama ramani ya tumbo la laptop. Aminiel kazi yake ilikuwa kushika tochi, na hata hiyo aliambiwa mara mbili ainyanyue. Kifuniko kilipotoka, fundi alifuata kwa kidole kutoka kwenye tundu la flashi, akapita njia nyembamba za shaba, kona moja, kona ya pili, akafika kwenye kidudu cha mraba, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Akakipuliza vumbi. Akaweka lenzi.

"Andika."

Aminiel hakuwa na karatasi. Aliandika kiganjani. Zilikuwa herufi mbili na namba tano, na Lesian alimfanya azisome kwa sauti, kisha akazisoma yeye kwenye kidudu, kisha wakabadilishana tena.

"Tano au S?"

"Tano."

"Angalia vizuri, fundi."

"Mimi nimesoma vidudu kabla mama yako hajamjua baba yako. Tano. Nenda."

Princess alipooneshwa kiganja aliuliza kama hiyo ni namba ya simu, na kama ni ya simu basi imepungua. Aminiel hakumjibu kwa utani, na msichana akashangaa, akaandika namba. Safari hii hawakutafuta laptop. Walitafuta kidudu. Ukurasa wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili ulikuwa tangazo. Wa tatu ulikuwa na maandishi ya Kichina juu mpaka chini, lakini katikati kulikuwa na namba ile ile, herufi mbili, tarakimu tano, na pembeni yake XP.

"Kichina unasoma?" Princess aliuliza.

"XP nasoma."

Ilikwenda disketi tatu. Aminiel alirudi Ngarenaro mbio, saa tisa na nusu, akakuta Magdalena ameweka simu mezani mbele yake. Alimrudishia laptop ikiwa imefungwa skrubu zote, akaingiza disketi ya kwanza, ikasoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu ikatoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga, ikakataa.

"Hiyo ni disketi tu, dada. Siyo mashine. Nakuapia ni disketi. Nipe mpaka kesho asubuhi."

Magdalena alimwangalia. Alikuwa amemsikia akiapa mara nyingi, lakini hakuwahi kumwona akiapa huku anahema.

"Saa tatu," alisema, akaifunika simu kwa daftari.

Princess alikuwa anafunga kafe Aminiel alipotokea tena. Aliwasha kompyuta moja bila kuvua mkoba begani. Disketi tupu hazikuwepo dukani, zilikwisha, akatoa ya kwake kwenye droo.

"Ina kitu?"

"Picha za harusi ya binamu yangu. Futa, hata sikualikwa."

Ijumaa saa mbili na nusu disketi ile ilisomwa mpaka mwisho. Laptop ikajizima, ikajiwasha. Kilima kikarudi na madoa yake yale yale, herufi zikarudi na unene wake. Kwenye orodha alama za njano zilikuwa tano. Aminiel alizihesabu mara mbili. Akaichomeka flashi, na kwenye kona ya chini, polepole, kikajitokeza kikaratasi cha kusema kwamba kifaa kimetambuliwa na kiko tayari kutumika.

Magdalena aliusogeza mkono wa mdogo wake kutoka kwenye kibodi.

"Toka nje."

"Mimi?"

"Mwalimu alisema jicho langu peke yake. Toka, na ufunge mlango."

"Dada, nimeifungua mimi hii flashi."

"Ndiyo maana nakuomba kwa upole."

Alitoka, akakaa kizingitini. Ndani printa ilianza kunguruma, ikameza karatasi, ikatema karatasi, na sauti hiyo ilimrudishia Aminiel viungo vyake vyote kimoja kimoja. Muuza magazeti alipopita akamsimulia. Fundi rangi wa gereji alipokuja kuulizia kifuniko chake cha chupa, akamsimulia na yeye, thina akairuka. Mara ya tatu alimsimulia mama mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti cha ubatizo, na kufikia hapo hadithi ilikuwa imenenepa, tochi imehama mkono.

Mwalimu Ephraimu alifika saa sita kasoro dakika tano, na Aminiel akaingia nyuma yake. Magdalena alimpa bahasha saba, zimefungwa, kila moja ameipiga saini pale ilipobandikwa gundi. Mwalimu alifungua moja, akapitisha macho, akageuza kurasa zote mpaka ya mwisho, akairudisha ndani. Kisha akatoa kwenye koti karatasi zilizokunjwa.

"Hizi ni ripoti za muhula. Nilizibeba endapo ningekukuta umefaulu. Za wiki ijayo nitazileta Jumatano."

Magdalena alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akageuka haraka kuzitafutia faili, na alikaa kwenye kabati la mafaili muda mrefu kuliko faili lilivyohitaji.

"Nimesikia huko nje kwamba kulikuwa na matatizo," mwalimu alisema. "Kijana, wewe ndiye uliyeyatatua?"

"Mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nieleze. Shule yetu inatafuta mtu wa kuwaanzishia vijana kompyuta. Ninataka mtu anayejua kufikiri, siyo kubonyeza tu."

Aminiel alisimama. Akarudi nyuma hatua moja, apate nafasi ya mikono.

"Mwalimu, hii mashine ilikuja haina jina. Karatasi tupu. Mtu mwingine angekata tamaa, angekaa chini akalia. Mimi nikakaa nikatafakari. Nikajiambia, Aminiel, hizi bidhaa za siku hizi, tangu wafungue mipaka, majina yake si ya kuamini. Jina linaandikwa na anayeuza. Lakini ndani mna kidudu, na kidudu kina namba mgongoni."

"Vizuri sana," mwalimu alisema.

Kule kwenye kabati Magdalena aligeuza kichwa. Mdogo wake hakuwa na kawaida ya kutafakari.

"Basi nikatandika gazeti, juu yake karatasi nyeupe." Aminiel alikuwa amefumba macho kidogo, ili aione vizuri. "Nikachukua bisibisi. Skrubu ya kushoto nikaiweka kushoto, ya kulia nikaiweka kulia, taratibu, bila haraka, maana hicho kitu kinataka mkono mtulivu."

"Zilikuwa skrubu ngapi?" sauti ya nyuma iliuliza.

"Nane," Aminiel alisema, macho bado yamefumba.

"Kumi na moja."

Aliyafumbua. Lesian alikuwa ameegemea mlango, kofia mkononi, miwani yake ya waya wa shaba imeshuka puani. Alikuwa amekuja kuulizia kama mashine ilipona.

"Endelea tu, ero, hadithi ni tamu," fundi alisema. "Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Hapo kwenye bisibisi, mimi nilikuwa nimekaa upande gani?"

Mwalimu Ephraimu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Magdalena alikuwa ameliweka faili chini.

"Fundi," Aminiel alisema, "shikamoo."

"Marahaba," Lesian alijibu, akaingia, akavuta kiti.